Mtahini wa Nje wa Kasansa

Mwaka 1996, mwezi wa sita, mpunga ukiwa umeshaingia vihengeni na panya wa kijiji cha Kasansa wakiwa wamenenepa kuliko paka, Sikujua Malale alipata barua iliyomkata hamu ya kula. Ilitoka chuoni kwa msimamizi wake, Profesa Maximilian, nayo ilikuwa fupi kama simu ya msiba: "Nakuja. Chuo kimeamua kila profesa amlee mtafiti mmoja mchanga. Mimi nimepewa wewe. Andaa semina. Usiogope."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomtisha zaidi.

Sikujua alikuwa mhadhiri msaidizi wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Magamba, karibu na Mpanda mjini, binti wa Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake kutoka Shinyanga. Kwa miezi tisa alikuwa amepanga chumba kwa Mama Romana pale Kasansa, akichunguza jinsi panya wanavyoingia kwenye vihenge vya mpunga, maghala yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Aliwanasa kwa mitego ya waya, akawapima, akawapaka rangi ya kucha mkiani ili awatambue, kisha akawaachia. Wa kihenge hiki nyekundu, wa kihenge kile waridi. Mwanzoni wanakijiji walidhani ana kichaa, maana mtu mwenye akili zake akimnasa panya hamrembi. Baadaye wakazoea, wakawa wanamletea habari wenyewe: "Dada Sikujua, bibi harusi wako mmoja kapita kwangu asubuhi, anakimbia."

Kwa kazi, basi, hakukuwa na wa kumfikia. Kilichomponza ni mdomo, ambao mbele ya watu uligoma. Semina yake ya kwanza chuoni, mzee mmoja alimuuliza swali jepesi kabisa, kwamba alikuwa na panya wangapi. Sikujua akajibu, "Asante, karibu tena," akaketi. Semina ya pili hakujibu kitu. Aliichukua glasi yake ya maji akainywa yote, akachukua ya mwenyekiti akainywa nayo, akatoka nje kwa adabu na hakurudi.

Na safari hii kulikuwa na zito zaidi, nalo lilikuwa kwenye sura ya nne ya tasnifu yake. Mwaka 1971, Profesa Maximilian akiwa kijana, aliandika makala iliyompa jina: ukiizungushia nguzo ya kihenge kofia ya bati, futi mbili tu kutoka ardhini, panya hapandi. Kwa miaka ishirini na mitano makala hiyo ilikuwa inafundishwa. Wanafunzi waliliita bati lenyewe "kofia ya Maximilian." Sasa Sikujua alikuwa amepima, akapima tena, akapima mara ya tatu akiomba Mungu awe amekosea, na kila mara jibu likawa lile lile: panya wa Kasansa walikuwa wanairuka kofia ya Maximilian kama watoto wanaoruka kamba. Hakujua amwambieje mtu huyo. Akaandika sura ya nne ya kurasa mbili, na ukurasa mmoja kati ya hizo mbili ulikuwa mchoro wa nguzo.

Profesa alishuka siku ya Jumatano kutoka kwenye lori la chumvi, mrefu, mwembamba, kipara kinang'aa, suti ya kijivu imegeuka nyeupe kwa vumbi. Kabla hata ya kunawa alifungua begi.

"Uliniandikia rangi imekuishia," alisema, akapanga chupa kumi na mbili za rangi ya kucha kwenye mkeka wa Mama Romana. "Nilitaka kumi na moja. Mwenye duka akaniuliza kama ni za mke wangu. Nikamwambia hapana, ni za panya. Akaniongezea moja bure, akaniahidi kuniombea."

Sikujua alicheka, na moyo ukamuuma. Ingekuwa rahisi kumpinga mtu mbaya.

Jioni hiyo Profesa alimtaka afanye mazoezi ya semina, yeye msikilizaji peke yake. Sikujua aliwasilisha tasnifu yote akiutazama ukuta. Alipomaliza, Profesa aliuliza swali moja dogo, na Sikujua akainama kutafuta maji.

"Hapana," alisema Profesa. "Weka kikombe chini. Mwanangu, wewe huna ugonjwa wa akili, una ugonjwa wa maswali. Na dawa yake ni kuulizwa mpaka uchoke kuogopa. Kijiji hiki kina watu wangapi wanaopenda kuuliza?"

"Wote," alisema Mama Romana kutoka jikoni.

Kesho yake Profesa aliunda jopo. Mama Romana, mjane aliyeongoza kwaya kwa miaka kumi na miwili bila kupingwa, aliteuliwa mwenyekiti. Mzee Kasimiri, mkulima wa mpunga ambaye vihenge vyake vilikuwa na panya wengi kuliko vyote, alipewa cheo cha mtahini wa nje. Wa tatu alikuwa Masunga, mfugaji, mtu mnene mwenye fimbo, ambaye kwa kweli alikuwa amekuja kuomba chumvi tu.

"Mtahini kazi yake nini hasa?" aliuliza Mzee Kasimiri.

"Kuuliza jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui, kwa uso wa mtu anayelijua."

"Ah. Hiyo naiweza. Nimekaa baraza la kata."

Profesa akamfundisha maswali matatu ya kukariri. La kwanza, mipaka ya utafiti wako ni ipi. La pili, sampuli yako ilikuwa na wangapi. "Na ukiishiwa kabisa," alisema, "unachagua sura yoyote, unakunja uso, unauliza kwa nini sura hiyo ni fupi. Mimi swali hilo limenivusha miaka thelathini."

Mzee Kasimiri aliyarudia kwa midomo kama mtu anayesali rozari.

"Na mimi?" aliuliza Masunga.

"Wewe utalala."

"Nilale kweli au nijifanye?"

"Kweli. Kila chuo kina profesa mmoja anayelala semina nzima. Mwishoni anaamka, anauliza neno moja tu: 'Kwa hiyo?' Nimewahi kuona mtu na digrii zake akilia kwa swali hilo."

Masunga alifikiri. "Kazi nzuri," alisema. "Hata shuleni ningeendelea kama ningejua ipo."

Semina ikawekwa Ijumaa saa tisa alasiri, ndani ya ghala la chama cha ushirika, ubao ukaazimwa shule ya msingi. Sikujua alitegemea watu kumi. Wakaja wote wa Kasansa waliokuwa na miguu, na wengine kutoka Majimoto, kijiji jirani, waliosikia kwamba binti wa panya anahukumiwa. Mama Romana alikaa mezani na mfuniko wa sufuria na mwiko badala ya kengele. Masunga alikuwa ameshaanza kukoroma. Kiti cha Mzee Kasimiri kilikuwa kitupu.

"Mtahini wetu yuko wapi?" aliuliza Profesa.

"Niko huku!" ilisikika sauti. Watu wakageuka. Mzee Kasimiri alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya ghala, amevaa koti la misa, kichwa kimechomoza dirishani.

"Mzee wangu, ingia ndani."

"Mimi ni mtahini wa nje," alisema Mzee Kasimiri kwa uthabiti. "Tusianze kuharibu utaratibu mapema."

Hakukuwa na wa kumtoa. Mama Romana akagonga mfuniko. "Haya, tulieni nyie! Mtafiti wetu leo ni Sikujua."

"Sasa kama hakujua," aliuliza bwana mmoja wa Majimoto, "anakuja kutufundisha nini?"

Ghala zima likacheka. Sikujua alikuwa na karatasi zake, akaanza kusoma, na kwa kusoma akafika salama mpaka mwisho. Kisha yakaja maswali aliyoyaogopa. Dirishani Mzee Kasimiri alikohoa.

"Mipaka ya utafiti wako," aliuliza, amekunja uso kama hakimu, "ni ipi?"

Sikujua akafungua mdomo. Mkono wake ukaanza wenyewe kutafuta kikombe. Pembeni, Profesa aliinamia mbele akanong'ona, "Sema eneo na muda, eneo na muda..."

Mfuniko ukalia kama kengele ya hatari.

"Profesa!" alisema Mama Romana. "Kwenye mtihani hakuna kunong'onezana. Ukirudia unatoka."

Profesa Maximilian, mkuu wa idara mara mbili, akaketi wima na kuweka mikono magotini kama mtoto wa darasa la pili. Sikujua alimtazama, na kicheko kikamtoka puani kabla hajakizuia.

"Mipaka yangu," alisema, "ni mtoni kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili ni shamba la Mzee Kasimiri. Kule sikupita kwa sababu mbwa wake wa shambani hanipishi."

"Ni kweli," alisema mtahini wa nje. "Yule mbwa hana adabu. Jibu limepita."

Watu wakapiga makofi. Kuanzia hapo yakaja maswali ambayo Profesa hakuyafundisha. Je, panya wa Majimoto wanakuja kula Kasansa, au wa Kasansa ndio wanaokwenda kula Majimoto? Sikujua alijibu kwa hesabu: panya kumi na saba wa Kasansa, wenye mkia wa waridi, wamenaswa Majimoto, na yule bwana wa Majimoto akasimama kudai waombwe radhi. Je, panya jike na dume nani mwizi zaidi? Jike, akasema Sikujua, lakini ana watoto. Kina mama wakaitikia kwa sauti moja kwamba hilo linaeleweka. Alikuwa anajibu bila karatasi sasa. Mikono inaruka, macho yanang'aa, hata kikombe amekisahau. Profesa alikuwa anaandika kwenye fomu ya malezi aliyopewa na chuo huku anatabasamu.

Hapo ndipo Mzee Kasimiri alipoishiwa maswali. Akakunja uso.

"Hii sura ya nne," alisema. "Kwa nini ni fupi?"

Profesa aliitikia kwa kichwa kwa fahari, kama mwalimu anayesikia somo lake limeshika. Sikujua akamtazama Profesa, akautazama mchoro wa nguzo. Kimya kikawa kirefu mpaka kikamwamsha Masunga, ambaye hakuwa amesikia hata neno.

"Kwa hiyo?" alinguruma.

"Kwa hiyo," alisema Sikujua, na sauti ilikuwa yake ingawa alitamani ingekuwa ya mtu mwingine, "kofia ya bati ya futi mbili haifanyi kazi. Panya wanairuka. Ni fupi kwa sababu niliogopa kuiandika."

Profesa aliinuka polepole. "Wanairuka? Nani kasema?"

"Mimi. Nimewajaribu thelathini na wanne. Ishirini na tisa wameruka."

"Panya wako wana rangi ya kucha! Pengine rangi inawapa nguvu!"

"Profesa," ilisema sauti ya dirishani, taratibu, "sampuli yako, mwaka huo wa sabini na moja, ilikuwa na wangapi?"

Profesa alimgeukia mwanafunzi wake mpya. "Sita."

"Sita!" Ghala likavuma kama mzinga wa nyuki.

"Wa wapi?" aliuliza Mama Romana.

"Wa chuoni. Wa maabara."

"Walikuwa wanakula?"

"Walikuwa... wanatunzwa vizuri."

"Sasa panya aliyeshiba," alisema Mama Romana, "aruke ya nini?"

Mambo yakawa hayana budi kuonekana kwa macho. Bati likaletwa, Profesa mwenyewe akalifunga kwenye nguzo ya katikati ya ghala, akapima futi mbili mara tatu kwa futi kamba. Juu ya nguzo likaning'inizwa gunia la mpunga. Sikujua akaleta panya wawili kwenye vizimba. Watu wakapanda juu ya kila kilichopandika.

Panya wa kwanza alitoka, akaketi chini ya nguzo, akaanza kuosha uso. Akaosha masikio. Akaosha tumbo.

"Mnaona!" alipaza sauti Profesa. "Mnaona sayansi!"

Panya wa pili alikuwa namba themanini na nane, mkia mwekundu, mkazi wa kihenge cha Mzee Kasimiri tangu kuzaliwa. Huyu hakuosha kitu. Alilitazama bati, akarudi nyuma hatua chache, akajikunja, akaruka. Alilipita bati, akaikamata nguzo, akapanda mpaka usawa wa kichwa cha mtu. Pale akageuka, akaona umati wote wa Kasansa unamkodolea macho, akatafuta mahali pa kukimbilia. Kipara cha Profesa Maximilian kilikuwa karibu na kinang'aa.

Aliruka tena. Kutoka kiparani akateleza hadi kwenye kola, na kutoka kwenye kola akaingia ndani ya suti.

Aliyewahi kuona profesa akicheza ngoma ya Kisukuma bila kufundishwa alikuwa pale siku hiyo. Profesa alizunguka ghala mara mbili, anapiga kelele kwa Kiswahili, Kiingereza na kidogo Kilatini cha seminari. Masunga, mchunga ng'ombe tangu utotoni, aliinua fimbo.

"Usimpige!" alilia Sikujua. "Huyo nina rekodi zake za miezi mitano!"

"Yupi?" aliuliza Masunga, fimbo ikiwa hewani. "Mzee au panya?"

Koti likatupwa, shati likafuata. Panya namba themanini na nane akatokea kwenye mguu wa suruali, akakata ghala katikati, akaruka dirishani, uso kwa uso na Mzee Kasimiri. Kigoda kilisikika kikianguka. Na kwa mara ya kwanza tangu semina ianze, mtahini wa nje akaingia ndani, tena kwa mbio.

Jopo lilikwenda kona kushauriana. Lilirudi baada ya dakika tano, na Mama Romana akagonga mfuniko. "Sikujua amefaulu," alitangaza, "ila aandike upya sura ya nne, na iwe ndefu. Profesa Maximilian anapewa miezi sita afanye marekebisho."

Makofi yalitikisa mabati, lakini Sikujua hakuyasikia vizuri. Alimtafuta Profesa, akamkuta nyuma ya ghala amekaa juu ya gunia tupu, amejifunga shuka la Masunga, anapukuta shati lake.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa. Wewe ndiye unayenilea."

Profesa alilikung'uta shati tena ingawa halikuwa na kitu. "Nimeumia," alisema. "Sitakudanganya. Nitaendelea kuumia mpaka treni ifike Tabora. Baada ya Tabora nafikiri nitakuwa sawa." Kisha akamkazia Sikujua macho ya ukali ambayo hakuwahi kuyaona kwake. "Lakini kurasa mbili! Hilo ndilo umenikosea. Mtu akitaka kumpinga profesa wake ampinge kwa kurasa arobaini. Kurasa mbili ni dharau."

"Samahani, Profesa."

"Kesho asubuhi tunaanza. Nitashika futi kamba mimi, wewe utaandika. Na uwaambie hao watu wako nimekubali miezi sita, lakini nitamaliza kwa mitatu."

Akakaa siku nne zaidi ya alizopanga. Alipopanda lori kurudi Mpanda, sura ya nne ilikuwa na kurasa thelathini na nane, na mbili za kutimiza arobaini alizimalizia yeye mwenyewe njiani, akiwa anasubiri dereva abadilishe tairi. Kijiji kilibaki na ladha ya semina. Wiki iliyofuata alipita bwana mmoja muuza mbolea na mabango yake ya rangi, akaanza kuhutubia ghalani. Mzee Kasimiri alitoka nje, akaweka kigoda chini ya dirisha. Yule bwana aliondoka kabla ya chakula cha mchana.

Mwezi wa kumi Sikujua alisimama tena chuoni mbele ya wazee wale wale. Alizungumza dakika arobaini. Kikombe cha maji kilikuwepo, akanywa funda moja kwa sababu ya kiu. Mtu alipouliza kama anafahamu kwamba matokeo yake yanapingana na makala ya mtu aliyeketi mstari wa mbele, alisema anafahamu, na kabla hajaendelea Profesa Maximilian alikuwa ameshasimama.

"Mimi ndiye niliyekosea," alisema. "Panya wangu walikuwa wameshiba. Ulizeni swali lingine."

Makala mpya waliiandika pamoja, jina la Sikujua likitangulia, na Profesa ndiye aliyeng'ang'ania litangulie. Alistaafu miaka miwili baadaye. Mpaka anastaafu, kila alipompata mhadhiri mchanga anayetetemeka kwenye korido alimvuta ofisini, akamkalisha, akamsimulia ghala la Kasansa, na kila alipolisimulia panya aliruka juu zaidi. Siku ya sherehe ya kumuaga, Profesa akisimulia sambusa mkononi, panya alikuwa ameshafika futi nne na nusu.

"Profesa," alinong'ona Dakta Sikujua aliyesimama karibu naye, "ilikuwa futi mbili na inchi nane."

"Nyamaza," alisema Profesa Maximilian. "Wewe ulipima tu. Mimi nilirukiwa."